Kwa wapenzi wa gitaa: sikilizeni hii albamu ya Waswidi ya 1995 kabla hamjasema ni makelele

Senene Mbichi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Najua jukwaa hili la burudani ni la singeli, Bongo Fleva na ubishi wa nani kamfunika nani. Ambaye kichwa cha uzi hakimhusu apite kwa amani, hatugombani. Nawatafuta watu wa gitaa.

Kuna albamu inaitwa Slaughter of the Soul, ya bendi ya At the Gates ya mji wa Göteborg, Uswidi. Ilitoka Novemba 1995. Nyimbo 11, dakika 34 tu. Ukipanda mwendokasi Kivukoni na ukihesabu na foleni ya kituoni, albamu inaisha hujaiona Kimara. Muziki wenyewe, tawi la roki nzito, unaitwa deth metali ya melodi. Neno la mwanzo ndilo linalofukuza watu. Mimi nimekuja kwa ajili ya la mwisho.

Kilichonisukuma ni msiba. Mwimbaji wao Tomas Lindberg, wenyewe wakimwita Tompa, alifariki 16 Septemba 2025 kwa saratani, akiwa na miaka 52. Habari ilinikuta kwenye benchi la fundi pikipiki, nikanyamaza hadi fundi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamjibu ndiyo, na mwalimu. Sikumdanganya. Huyu jamaa aliyekuwa akilia jukwaani kama anachunwa ngozi alikuwa mwalimu wa shule kweli, wa maarifa ya jamii.

Nimeipataje? Mimi ni mtu wa Bukoba. Waswidi kwetu si wageni. Wamisionari wao wamekaa na Walutheri wa kule miaka mingi, na askofu wetu wa kwanza, Bengt Sundkler, alikuwa Mswidi. Kwa hiyo vijana wa kujitolea kutoka huko walikuwa wakija na kuondoka. Mwaka 2004 mmoja aliondoka akaacha boksi stoo: mabuti ya mvua, kamusi, na CD zisizofika ishirini. Nilitumwa kufagia, nikatoka na CD mbili. Moja ilikuwa imekwaruzika, haisomi. Ya pili ndiyo hii.

Niseme kweli, sikuipenda. Nilisikia ukuta unabomoka na mtu yuko chini yake. Niliiweka kama mwezi mzima. Siku moja umeme ulikatika, nikaichomeka kwenye diskmani na hedifoni yangu iliyokuwa imekufa upande wa kulia. Nikasikia gitaa moja tu, limetulia, linaimba. Nikashangaa: huu ni wimbo ule ule? Mdogo wangu alikuwa na hedifoni iliyokufa upande wa kushoto. Nikamwazima. Kumbe upande wa pili kuna gitaa jingine, linaimba kitu kile kile lakini juu kidogo. Si solo na rithimu mnayoijua. Ni sauti ya kwanza na sauti ya pili, kama kwaya!

Usiku ule nilikaa nabadilisha hedifoni hadi betri zikaisha. Wimbo ulioniingia wa kwanza ni wa tatu, Cold. Nitarudi kuuelezea, nina mteja hapa.

---

Kiroboto wa Ferry

Mkuu nimesikiliza sekunde 40 nikazima. Yule anaimba au kabanwa na mlango?

---

Ngedere Mstaafu

Nimekaa hapa. Shusha nondo.

---

Kiroboto wa Ferry

Halafu jina lenyewe ni machinjo ya nafsi. Tuache utani wakuu, hizi si nyimbo za shetani?

---

Senene Mbichi

Kiroboto, sitakudanganya kwamba ni nyimbo za shule ya Jumapili. Humo ndani kuna hofu, uongo wa dunia, mtu kujichukia, kifo. Lakini hakuna mahali anapomsujudia mtu. Analalamika. Hata Msondo walilalamika, ila wao walilalamika kwa kubembeleza.

Na kuhusu kanisa, mimi lilishanikuta. Nilikuwa napiga gitaa kwaya ya vijana. Spika za kanisa zilikuwa zimewekewa bluetooth, na simu yangu ilikuwa inaunga yenyewe ikizisogelea. Jumamosi moja baada ya mazoezi mchungaji kasimama afunge kwa sala. Mimi nimeshapachika hedifoni nianze safari ya nyumbani, nimebonyeza albamu mwanzo. Sasa wimbo wa kwanza, Blinded by Fear, hauanzi na gitaa. Unaanza na mngurumo kama wa mashine. Fundi mitambo alidhani amplifaya inaungua, akakimbilia nyaya. Watu wamefumba macho, jamaa yuko chini ya meza anachomoa plagi moja moja. Mimi nasubiri muziki uanze masikioni, nashangaa kimya. Ikaja ile sauti ya mtu anaongea, mama mmoja akaitikia "Amina". Halafu gitaa likaingia.

Nilisimamishwa kupiga wiki tatu. Sikukata rufaa.

---

Ngedere Mstaafu

Mama kaitikia Amina 😂😂 nimecheka hadi konda kanigeukia

---

Mwalimu wa Tenor

Mleta uzi, mimi nafundisha kwaya, si mtu wa magitaa, lakini hapo kwenye sauti ya pili umenifanya niitafute hiyo albamu. Nimeisikiliza mara mbili, mara ya pili na daftari. Nikurekebishe kidogo.

Uko sahihi kwamba ni sauti mbili zinazotembea pamoja. Lakini nyimbo nyingi za kwaya zetu nyumbani kwake, yaani noti wimbo unapotulia, ni do. Hawa nyumbani kwao ni la. Ndiyo maana hata wakikimbia hawafurahi. Chukua mtu na mwenzio mjaribu hapo mlipo. Mmoja aimbe taratibu la, ti, do, ti, la. Mwingine aimbe juu yake do, re, mi, re, do. Msiongeze chochote. Mkishika vizuri mtasikia kitu kinachowabana hapa kifuani. Hiyo ndiyo melodi mnayoizungumza, ukiivua kelele zote.

Na kinachobana si uchawi. Kutoka la hadi do ni nusu-sauti tatu (nusu-sauti ni hatua ndogo kabisa kati ya noti na noti). Ti hadi re, tatu. Do hadi mi, nne. Yaani umbali kati ya hao wawili haulingani njia nzima. Unapanuka, unabana tena. Sikio linalipokea kama mtu anayevuta pumzi. Ukiwaimbisha watoto kwa umbali ule ule mmoja bila kufuata ngazi, inakuwa king'ora.

Kuimba kwa mtoa sauti sijakuelewa bado. Nasema ukweli.

---

Senene Mbichi

Mwalimu, shikamoo. Miaka yote hii nimekuwa nasema "inabana" bila kujua ni nusu-sauti tatu na nne. Nimejaribu na mdogo wangu (yule yule wa hedifoni, sasa ana watoto wawili) kwa simu. Mtandao ulituchelewesha ikawa kanoni, mmoja anaimba na mwingine anamfuata nyuma, lakini tumeelewa.

Narudi kwenye Cold. Inaanza kwa mwendo wa kupanda, halafu katikati wanapunguza, gitaa linabaki linatafuta njia, na hapo anaingia mgeni: Andy LaRocque, mpiga gitaa wa bendi ya metali ya King Diamond, naye mtu wa huko huko Göteborg. Anapiga solo moja fupi. Ni fupi kweli, ukipiga chafya imekupita. Lakini kila noti inajua inakokwenda. Wenyewe bendi solo zao si nyingi. Gitaa la Anders Björler na la Martin Larsson yana kazi ya kubeba wimbo, hayana muda wa kujionyesha. Kwa hiyo huyu mgeni akiingia ni kama mtu kafungua dirisha kwenye chumba cha moshi.

Anders ana pacha wake, Jonas, ndiye wa besi. Kwetu wangekuwa Kakuru na Kato. Dramu ni Adrian Erlandsson, na mdundo wake kwenye sehemu za kasi ni dung-tak-dung-tak, hauna maringo hata kidogo. Ukiuhesabu ukauacha ukutangulie, gitaa zinasikika zenyewe. Wengi wanakosea hapo: wanaanza na mwimbaji. Mwacheni mwimbaji. Mchukulieni kama matoazi, yupo kwa ajili ya kupiga alama.

---

Dada Wodini

Hapo kwa mwimbaji nakupinga kaka. Usimfanye matoazi.

Mimi ni muuguzi, na huu muziki nauskiliza nikitoka zamu ya usiku, kwenye daladala ya saa kumi na mbili na nusu wakati wengine wanawekewa kwaya. Nimewahi kukaa wodi ya masikio, pua na koo, kwa hiyo suala la koo naliona kivyangu. Juu ya zile kamba za sauti tunazoongelea kuna mikunjo mingine miwili ya nyama, watu huziita kamba za bandia. Kazi yake si kuongea. Waimbaji wa metali wengi wanazibana zitetemeke, na pumzi inatoka tumboni, si kooni. Anayefanya kwa kukamua koo anapoteza sauti wiki mbili halafu anakuja kwetu anadai amelogwa.

Sasa Lindberg kwenye albamu hii hangurumi kwa chini kama wenzake wa deth metali. Yeye anakwaruza juu juu, kavu, kama mtu aliyelia hadi machozi yakaisha akaendelea. Na maneno unayasikia! Ukiwa na karatasi ya mashairi mkononi unafuatana naye. Hilo si jambo dogo katika muziki huu. Kwenye wimbo wenye jina la albamu, gitaa linaanza, linakata ghafla, anapiga ukelele neno moja tu, "Go!", na wote wanaangukia kwa pamoja. Naomba mnieleze matoazi gani yanafanya hivyo.

Na wale watakaokuja kusema huu ni muziki wa wanaume: mtafuteni Angela Gossow, Mjerumani, aliyeingia Arch Enemy ya Uswidi, wakatoa Wages of Sin mwaka 2001. Watu walipiga CD kwenye redio wakadhani ni mwanamume. Mimi niliwapigia manesi wenzangu bila kuwaambia, mmoja akasema huyu baba ana hasira na mkewe.

---

Senene Mbichi

Dada nimenyoosha mikono. Matoazi nimeyafuta.

---

Nyuzi Sita

Natoka mafichoni kwa ajili ya uzi huu. Miaka sita nipo humu sijawahi kuchangia.

Napiga gitaa bendi ya hoteli (nyimbo za kumbembeleza mzungu akila samaki), na usiku nikifika kwangu nafanyia mazoezi hizi. Niwaambie ugumu uko wapi. Vidole vya kushoto si tatizo, melodi zenyewe mtoto wa mwaka mmoja wa gitaa anazishika. Tatizo ni mkono wa kulia. Unaweka nyama ya kiganja juu ya nyuzi pale zinapofungiwa, usizibe kabisa, usiachie kabisa, halafu unapiga chini-juu-chini-juu kwa kasi ya cherehani, na katikati ya cherehani hiyo unainua kiganja noti moja iimbe, unarudisha. Ukichelewesha kukirudisha, uji. Nilifanya mazoezi ya wimbo wa nane, Unto Others, miezi miwili na kalamu kabla sijashika pick (kile kidude cha kuchapia nyuzi), nikiwa nakaa kwenye foleni ya benki napiga paja. Mlinzi alinihamisha.

Kingine, nyuzi zao zimelegezwa chini kupita kawaida. Ukilegeza nyuzi za kawaida namna hiyo zinalegea kama kamba ya kuanikia, zinagonga mbao. Unahitaji nyuzi nene. Nilizunguka Kariakoo siku nzima. Duka moja nikamweleza muuzaji, "nataka nene kuliko hizi", akatabasamu, akaniwekea, nikalipa elfu zangu nikaondoka. Nafungua nyumbani, nyuzi za besi. Nne.

Kuna watakaowaambia sauti hii ni ya ile pedali ya Kijapani ya kukwaruza sauti ya gitaa, Boss HM-2. Hata hawa waliitumia, ila isiwachanganye. Hiyo ndiyo sahihi ya Stockholm, bendi kama Entombed na albamu yao Left Hand Path ya 1990, studio ya Sunlight, vitufe vyote vimefunguliwa hadi mwisho, gitaa linatoa sauti ya msumeno wa mnyororo. Stockholm na Göteborg ni kama Dar na Dodoma kwa umbali, na kama Simba na Yanga kwa mengine yote. Stockholm walitaka uzito. Göteborg walitaka wimbo. Ni ubaya kulinganisha, lakini mimi ni wa Göteborg.

---

Ngedere Mstaafu

Nyuzi nne za besi 😭 mkuu ungenunua na gitaa lake kabisa

---

Mvuvi wa Uvira

Ndugu zangu, jambo. Nimecheka sana kuona jina la huu muji humu. Mimi ni mzaliwa wa Uvira, Kongo, na niko Göteborg tangu 2009. Nakaa Hisingen, ng'ambo ya mto. Kiswahili changu mtanisamehe, kimechanganyika na baridi.

Kila mtu wa nje akiongelea muziki huu anasema ni sababu ya giza. Eti majira ya baridi, watu wana huzuni, wanapiga metali. Giza lipo kweli, Desemba jua linazama saa tisa na nusu mchana, siku za kwanza nilidhani saa yangu imekufa. Lakini giza liko pia Murmansk na sehemu nyingine, na sikusikia hii sauti huko. Mimi nimesafisha ofisi na majengo ya huu muji miaka mingi, nimeingia hadi kwenye vyumba vya chini. Nitawaambia nilichokiona.

Hapa kuna shule za muziki za manispaa. Mtoto anaazima fidla, gitaa, tarumbeta, anafundishwa kwa pesa kidogo. Akifika miaka kumi na tano na wenzake wakataka bendi, kuna vyama vya elimu ya watu wazima, vile vya zamani vya wafanyakazi na vya makanisa, vinawapa chumba cha mazoezi. Wanajiandikisha kama kikundi cha kujisomea! Wanaandika kwenye karatasi: Jumanne, masaa matatu, watu watano, somo ni muziki. Chama kinapata ruzuku ya serikali kwa yale masaa, na wao wanapata chumba chenye umeme na joto. Nimefagia vyumba hivyo. Zulia ukutani, harufu ya soksi, makopo, na karatasi ya mahudhurio imebandikwa mlangoni na majina ya bendi ya kutisha kabisa, yametiwa saini vizuri kama ya watoto wa katekisimu.

Kisha kukawa na Studio Fredman ya Fredrik Nordström. At the Gates walirekodi kwake hii mnayoiongelea. Mwaka ule ule wa 1995 Dark Tranquillity walirekodi kwake The Gallery, na In Flames The Jester Race iliyotoka 1996. Bendi tatu, chumba kimoja, fundi mmoja, muji mmoja. Na walikuwa wanajuana tangu utoto: Anders Fridén aliimba kwenye albamu ya kwanza ya Dark Tranquillity, Mikael Stanne akaimba kwenye ya kwanza ya In Flames, halafu kila mmoja akaishia kwa mwenzake hadi leo.

---

Senene Mbichi

Hiyo ya kubadilishana waimbaji ni Sikinde na Msondo kabisa! Watu walivyokuwa wakilala huku wanaamkia kule.

Mvuvi, swali. Wewe wa Kongo umekulia kwenye rumba. Sisi tuliolelewa na dansi sikio letu limefundishwa na nyie. Hili la gitaa mbili unalisikiaje?

---

Mvuvi wa Uvira

Kaka, ni tofauti, na tofauti yake ni tamu. Kwenye sebene kila gitaa lina kazi yake. Rithimu anakaa pale pale kama mtu anayepiga kasia. Mi-solo anajaza mashimo. Solo anapaa. Ukimtoa mmoja, wengine wanabaki na meno yaliyong'oka. Hakuna anayefanya kazi ya mwenzake.

Hawa wanatembea bega kwa bega, wamevaa viatu sawa. Ukimtoa mmoja wimbo bado unaujua, kama wewe na hedifoni yako ya upande mmoja. Ila unakosa ule ubaridi unaopita katikati yao.

Lakini usisahau, mpiga solo wetu naye anajua kupiga nyuzi mbili kwa mara moja, sauti ya kwanza na ya pili kwa mkono mmoja. Kwa hiyo nilipowasikia hawa mara ya kwanza, kwenye trem namba 5, kijana jirani yangu kafungulia sana, sikusikia kelele. Nilisikia mtu kamgawanya mpiga solo wa kwetu akawa watu wawili wenye hasira. Na nyumbani kwao ni la, kama alivyosema mwalimu. Sisi nyumbani kwetu ni do. Tunalia tukicheza.

---

Mwalimu wa Tenor

Nimeinakili hii nitaisoma kwa wanakwaya Jumatano. Bila kutaja bendi.

---

Buda wa Umoja

Niaje wadau, salamu kutoka Nairobi. Nimeshangaa kuona Wabongo mmefika hapa bila sisi kuwaletea, maanake huku roki ina wenyewe kitambo.

Wacha niongeze kitu moja mmeruka. At the Gates walivunjika 1996, mwaka haujaisha tangu albamu itoke! Mapacha na Erlandsson wakaenda kuanzisha The Haunted. Yaani hawakukaa wakala matunda. Matunda yakaliwa Marekani. Vijana wa kule wakachukua zile melodi na ile kasi, wakachanganya na hardcore yao (ile panki ya kasi na hasira), na miaka ya mwanzo ya 2000 ikawa muziki mkubwa: Killswitch Engage, Shadows Fall, hao wote. Darkest Hour wa Washington hata walisafiri hadi Studio Fredman, wakarekodi kwa Nordström albamu yao ya 2003. Sasa sisi Nairobi tulipata ile ya Marekani kwanza. Last Year's Tragedy walivyokuwa wanapiga hapa, mimi niko mbele napigwa viwiko, sikujua kumbe nyanya ya hiyo sauti yuko Uswidi. Nimerudi nyuma kama mtu anatafuta cheti cha kuzaliwa cha babu.

Na mkitaka kitu chetu kabisa, Duma. Jina ni la Kikuyu, giza. Wasee wawili, albamu yao ilitoka 2020 kwa Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Lakini nawaonya, hapo hakuna la-ti-do. Ni mashine, ukelele na mwisho wa dunia. Mwalimu wa Tenor usifungue.

---

Mwalimu wa Tenor

Nimeshafungua.

---

Buda wa Umoja

Pole sana.

---

Nyuzi Sita

Buda kasema kweli, ila tusiwape Waswidi kila kitu. Carcass wa Liverpool walitoa Heartwork 1993, na humo gitaa za sauti mbili zipo za kutosha, moja ikipigwa na Michael Amott ambaye ndiye baadaye akaanzisha Arch Enemy ya dada hapo juu. Na wote hao, Mwingereza na Mswidi, wamekua na picha za Iron Maiden, bendi ya metali ya Uingereza, ukutani. Maiden ndio walioifanya gitaa pacha, gitaa mbili zinazopiga melodi pamoja, iwe kitu cha kuimbwa na uwanja mzima. Göteborg waliichukua ile wakaitia kwenye maji machafu.

Wao wenyewe At the Gates albamu yao ya kwanza, The Red in the Sky Is Ours ya 1992, ina hadi fidla, nyimbo zina kona elfu, unapotea. Slaughter of the Soul ni ya nne. Walichofanya ni kupunguza. Kupunguza, kupunguza, hadi ikabaki dakika tatu-tatu. Kuna mashabiki wa zamani hadi leo wanasema waliuza utu. Mimi naona walijua wanachokitafuta.

---

Dada Wodini

Walirudi jamani, msiseme walivunjika mkaishia hapo. 2008 walirudi jukwaani, na 2014 wakatoa At War with Reality, miaka 19 baada ya hii. Nzuri, lakini si hii. Hii waliitengeneza wakiwa vijana wa miaka ishirini na kitu na inasikika hivyo, hakuna anayeomba ruhusa.

Nilipokuwa mwanafunzi niliruka wimbo wa tano kila mara, Into the Dead Sky, kwa sababu hauna maneno, gitaa tulivu tu. Nilidhani wamepachika kujaza nafasi. Usiku mmoja tulipoteza mgonjwa tuliyekuwa tumemzoea. Asubuhi kwenye daladala wimbo wa nne ukaisha, mikono ilikuwa imeshika mfuko wa mchele, sikuweza kuruka. Nikausikiliza mzima. Ni kama dakika mbili. Konda aliniacha nikapita kituo.

---

Senene Mbichi

Dada, pole kwa yule mgonjwa.

Na asante. Mimi pia nilikuwa nauruka.

---

Kiroboto wa Ferry

Wakuu nimerudi. Sikutaka kusema lakini nimefika wimbo wa tano.

Ni bendi ile ile hii?

---

Senene Mbichi

Ile ile mkuu. Usiguse simu.

---

Kiroboto wa Ferry

Sawa. Ya tatu nimerudia pale kwa yule mgeni mara nne, na si kwamba nimeipenda, nilikuwa nahakikisha. Bado nasema jamaa kabanwa na mlango.

Hedifoni yangu nayo inasikika upande mmoja. Nani yuko Kigamboni ana iliyokufa kulia?